Nkambo Alikataa Bitumbula Vyangu

Nyanya yangu, mama mzazi wa baba, aliitwa mchawi ndani ya nyumba yetu, kwenye viti vyetu, siku ya Jumapili baada ya ibada. Kwetu Likasi, mji wa migodi, nyanya tunamwita nkambo. Baadhi ya waliomwita mchawi bado wapo, tunasalimiana sokoni kwa heshima zote. Lakini sijasahau na sina mpango wa kusahau. Miaka mingi nimesikia wakisimulia kwamba ukoo wetu ulikuwa na mkosi, kwamba nyumba yetu ilikuwa na mambo ya giza. Haikuwa hivyo. Kilichotuumiza nilikuwa nakipika mimi, kwa mikono hii, na watu walikuwa wakisimama foleni kukinunua.

Baba alikuwa fundi umeme kiwandani. Tulikaa nyumba ya kampuni, vyumba viwili vya matofali na uwanja mdogo nyuma. Nilipokuwa mdogo, kila mwisho wa mwezi mama alikwenda na gunia kupokea mposho, yaani chakula ambacho kampuni iliwapa wafanyakazi mbali na mshahara: unga wa mahindi, maharagwe, samaki wakavu, mafuta. Tulikula bukari, ndio ugali wetu, mchana na jioni, tukiwa tumekaa kuzunguka sahani moja. Nasema tukiwa tumekaa kwa sababu hata kukaa kulikuja kupotea.

Miaka ya tisini ilipoanza, mposho ukawa nusu, kisha ukawa robo, kisha mama akarudi na gunia tupu likiwa limekunjwa kwapani. Mshahara nao ukakatika. Baba aliendelea kwenda kazini miezi mingi, ovaroli imefuliwa na kupigwa pasi, na jioni alirudi na mikono safi. Mikono ile safi ndiyo iliyomwaibisha. Mwishowe akaacha kwenda.

Jirani yetu, mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka jimbo la Kasai, alikuwa akikaanga bitumbula mbele ya nyumba yake. Ni kama maandazi, ila ya mviringo: unga wa ngano, sukari na hamira, unachota kwa vidole na kuangusha kwenye mafuta yanayochemka. Nilikuwa napenda kumtazama akifanya kazi, na yeye akanifundisha bila mimi kuomba. Watu wa asili yake walipofukuzwa jimboni kwetu, na familia nzima zikaenda kulala stesheni kusubiri treni, alipita kwetu na karai lake na kijiko kirefu chenye matundu. Hakulia mbele yangu. Aliniambia nisikande unga kwa maji baridi, akaweka karai chini, akaenda.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu walimu hawakulipwa. Nikawasha mbabula, jiko letu la makaa, kando ya barabara ambako malori yalipakia watu wanaokwenda kuchimba mawe Kambove, na siku ya kwanza nikamaliza beseni zima kabla jua halijawa kali.

Lazima niseme ukweli kuhusu biashara ile: nilijivunia. Wachimbaji walikuwa na haraka, hawakuwa na mke wa kuwapikia alfajiri wala nafasi ya kuchemsha maharagwe kwa muda wa saa tatu. Walitaka kitu cha moto, kitamu, cha kula wamesimama, mkono mmoja umeshika chuma cha lori. Mimi nilikuwa nacho. Baadaye nikaongeza maji ya rangi, maji ya bomba yenye sukari nyingi na unga mwekundu wa dukani, nikiyafunga ndani ya vifuko vya plastiki ambavyo unang'ata pembe na kufyonza. Mafuta yalikuwa ghali, kwa hiyo sikuyamwaga. Jioni niliyachuja kwa kitambaa, asubuhi nikaongeza kidogo juu yake. Yalianza rangi ya asali, yakawa kahawia, yakawa meusi kama yale yanayotoka chini ya injini. Bitumbula vilitoka vizuri vilevile, na watu walisema vyangu vina ladha kuliko vya wengine.

Vilivyobaki tulikula nyumbani. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu, na chai. Kisha mchana, kwa sababu unga wa mahindi ulipanda bei na kupika bukari kulitaka makaa mengi na mboga juu yake. Kisha jioni. Hakuna aliyeamua. Siku moja mama alichukua sufuria ya bukari akaiweka juu ya kabati, ikakaa huko mpaka ikaota vumbi. Kila mmoja alichota kwenye beseni wakati wake, akala akitembea. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka minane, alifurahi kuliko wote. Alilala na kipande mkononi.

Nkambo peke yake alikataa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye maneno machache. Nilipomletea bitumbula sahanini alivibonyeza kwa kidole, mafuta yakatoka, akanirudishia. Hakunisema vibaya. Alilima ule uwanja wa nyuma, mahali maji ya kuogea yalipopita, akapanda lengalenga, ile mboga ya mchicha, na matembele, na mistari michache ya karanga. Alikuwa na sufuria yake ndogo. Alipika humo majani yake na karanga za kutwanga, siku nyingine na dagaa wachache, na unga kidogo aliopata kwa kumsaidia mama mmoja kupepeta mahindi. Alikula peke yake, nyuma ya nyumba, kwenye kigoda. Alinikaribisha mara nyingi. Nilimjibu kwamba nimeshiba, na kweli nilikuwa nimeshiba.

Mwaka wa pili tukaanza kuugua. Mdogo wangu alipasuka pembe za mdomo, vidonda vikakaa pale majuma na majuma. Alikohoa msimu wa mvua, akakohoa kiangazi. Akiumwa na mbu na kujikuna, pale alipojikuna palitunga usaha. Mimi nilitoka majipu mgongoni na kwapani, moja likipona lingine linaota. Mama alichoka kabla ya saa nne asubuhi, akawa anashika ukuta akiinuka. Na baba, aliyekuwa mnene wa kiasi, akakonda. Alikunywa maji bila kukata kiu. Akachukua mazoea ya kunywa maji yangu ya rangi, vifuko vitano, sita kwa siku, akisema hayo ndiyo yanayomtia nguvu. Alikuwa ameanza naye kwenda Kambove kuchimba. Jiwe dogo lilimwangukia kidole cha mguu wa kushoto, jeraha la kufunga kitambaa na kusahau. Halikupona. Mwezi ukapita, likapanuka, likaanza kunuka.

Nilimpeleka mimi kwenye zahanati ya masista, na mdogo wangu nikamshika mkono. Baba hakutaka, lakini harufu ilimshinda. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alitazama mguu, akamwomba baba mkojo. Akatia matone machache ndani ya kichupa chenye dawa ya bluu, akakishika juu ya taa ya spiriti. Ile bluu ikawa kijani, ikawa njano, kisha ikakaa rangi ya tofali. Akaniinulia nione, kama vile mimi ndiye niliyekuwa mkubwa.

Aliniuliza habari za mdogo wangu, kwa Kiswahili chetu cha Likasi, anakulaka nini, yaani huwa anakula nini.

"Bitumbula na chai," nilisema. "Anakulaka mara tatu kwa siku. Hatumunyimake."

"Nimeuliza anakulaka nini, sikuuliza mara ngapi. Huyu mutoto iko na njaa."

Nilikasirika. Mtoto alikuwa na tumbo limejaa, na mimi ndiye niliyelijaza. Nilimwambia hivyo. Hakugombana nami. Alikaa akanieleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mwenzake kazi. Alisema mwili unapigana na magonjwa kila siku bila sisi kujua, na kwa kazi hiyo unataka vitu vinavyotoka kwenye maharagwe, majani, samaki, karanga, matunda. Unga mweupe, sukari na mafuta vinampa mtu nguvu ya kutembea mpaka jioni, lakini havimpi cha kujengea ngozi iliyochanika wala cha kufukuzia kikohozi. Ndiyo maana kidonda kidogo kinakaa. Akaniuliza mafuta nayabadilisha lini. Nilipomwambia, alifumba macho kidogo.

Kwa baba alisema ni ugonjwa wa sukari. Hakusema kwamba bitumbula peke yake ndivyo vilivyouleta, labda ulikuwa tayari ndani ya damu yake. Lakini sukari aliyokuwa akinywa na kula ilikuwa inauchochea kila saa, na damu yenye sukari nyingi haiponyeshi kidonda. Akampa vidonge vichache alivyokuwa navyo, akamfunga mguu, akasema arudi kila siku ya pili.

Tulitembea kurudi, mdogo wangu akikohoa katikati yetu. Karibu na nyumba baba alisimama akajifanya kufunga kiatu.

"Mambo ya karai usimwambie mama yako," alisema. "Ile karai njo inatulisha."

Sikumwambia. Asubuhi iliyofuata niliwasha mbabula kama kawaida. Nimejiuliza mara nyingi ningefanya nini kingine, na sioni aibu kusema sikuwa na jibu. Kuna watu leo wanaotusema kwamba tulikula vile kwa ujinga. Mimi nilijua tangu siku ile, na niliendelea kukaanga majuma matatu. Ukiwa na watu watano na beseni moja, kujua hakutoshi.

Wakati huohuo mama alikuwa akitafuta jibu lake. Alikuwa ameingia kikundi cha maombi, akifunga siku mbili kila juma. Kiongozi wao, mwanamume mwenye suti ya kijivu tuliyemwita mtumishi, alimwambia kwamba watu wanne hawawezi kuugua magonjwa manne ndani ya nyumba moja bila mkono wa mtu. Akamwuliza nani hapo nyumbani hajaugua.

Ndivyo walivyokuja Jumapili ile, mtumishi na wanawake wawili wa kikundi. Baba alikuwa kitini, mguu juu ya kigoda. Nkambo alikaa mkekani. Mtumishi alisali kwa muda mrefu, kisha akaanza kuuliza maswali kwa upole, na upole ule ndio uliniogopesha. Kwa nini bibi huyu hali na wenzake? Kwa nini ana sufuria yake mwenyewe? Kwa nini, na umri ule, hajapata hata mafua wakati vijana wa nyumba wanaoza?

Nkambo alijibu mara moja tu. "Minye ninakulaka lengalenga," alisema.

Mmoja wa wanawake aliguna. Mtumishi akasema majani hayawezi kumlinda mtu namna hiyo, kuna kitu kingine anachokula, na sote tunajua ni nini. Akaamua kwamba kabla ya Jumapili ijayo aondoke, apelekwe kwa ndugu zake upande wa Mulungwishi, na sufuria yake ichomwe moto. Mama alikuwa anatazama sakafu. Akasema amina.

Nilimwangalia nkambo. Hakulia wala hakujitetea. Alikuwa anakunja pindo la kitenge chake, polepole, kama mtu ambaye tayari anafunga mizigo. Sijui niliinukaje. Nilitoka nyuma, nikashika karai kwa vitambaa viwili, nikaingia nalo sebuleni na mafuta ndani yake, nikaliweka chini mbele ya viatu vya mtumishi, mengine yakamwagika sakafuni.

"Kunywa kijiko kimoja," nilimwambia. "Haya ni mafuta ya miezi mingi. Baba, mama, huyu mutoto na minye, tunayakulaka kila siku. Nkambo peke yake hakulake. Njo maana haugue."

Nikawaeleza habari ya kichupa, bluu na rangi ya tofali, na kila alichosema muuguzi. Nilisema haraka, bila kupumua, nikiogopa kunyamazishwa. Nilisema kama kuna mtu wa kufukuzwa, basi ni mimi, kwa sababu mpishi ni mimi. Mtumishi alisubiri nimalize. Kisha akamgeukia mama akasema, taratibu, kwamba mtoto anayeongea hivi mbele ya wakubwa ameshalishwa na bibi yake, sasa wachawi ni wawili.

Mama alinipiga kofi. Lilikuwa la kwanza tangu nianze kumletea pesa.

Hapo baba akateremsha mguu kutoka kwenye kigoda. Akasimama juu yake, juu ya kile kidonda, na nikaona uso wake ukibadilika kwa maumivu.

"Mama yangu hatatoka," alisema. "Mutoto anasema kweli. Nilikuwa kule, nilisikia, nikanyamaza. Aibu ni yangu."

Akawaonyesha mlango. Waliondoka na Biblia zao, na mmoja wa wale wanawake alikanyaga mafuta yaliyomwagika, akaacha alama za soli yake mpaka barazani. Mama aliingia chumbani. Nkambo aliinuka, akachukua majivu, akaanza kunyunyiza juu ya mafuta sakafuni. Nikapiga magoti kumsaidia. Aliniambia nilikuwa na kelele nyingi. Ndiyo shukrani pekee niliyopata kwake, na ilinitosha.

Yaliyobaki katika karai niliyamwaga siku ileile. Ningependa kusema niliyamwaga kwa sababu ya moyo safi, lakini kesho yake ningebaki bila wateja hata hivyo. Habari zilitembea haraka kuliko malori. Wanawake pale bombani walisogeza ndoo zao nkambo alipofika. Yeye alisimama kwenye zamu yake, akachota, akaondoka bila haraka, na siku iliyofuata akarudi saa ileile. Wachimbaji walinunua kwa muuzaji mwingine. Mmoja aliniuliza kama bitumbula vyangu vina nyama ya watu. Nilimjibu kwamba vilikuwa na kitu kibaya zaidi, na yeye alikuwa amekila mwaka mzima. Hakucheka.

Tulilala njaa majuma kadhaa, njaa ya kweli safari hii, ya tumbo kulia. Mama hakuongea nami. Nilichemsha viazi vitamu na karanga kwa maganda yake, nikarudi barabarani nikasimama mahali palepale. Siku tatu sikuuza hata kiazi. Siku ya nne dereva mmoja wa lori, ambaye hakutoka mtaa wetu na hakujua lolote, alinunua, akala akiendesha, na kesho yake akaleta wenzake. Kumbe kiazi nacho kinalika mtu amesimama. Baadaye nikaongeza maharagwe yaliyochemshwa, nikiyafunga kwenye jani la mgomba na chumvi na pilipili. Faida ilikuwa ndogo kuliko ya bitumbula, na kazi ilikuwa maradufu, kwa sababu maharagwe yalinitaka niamke mapema na kununua makaa zaidi. Wengine walinidhihaki kwamba nauza chakula cha wagonjwa. Nikawaambia ndiyo, njooni kabla hamjawa wao.

Uwanja wa nyuma tuliulima wote mpaka kwenye ukuta. Baba, asiyeweza kutembea mbali, alikaa chini akipalilia kwa kisu. Alichukia chai isiyo na sukari, aliinywa akikunja uso kila asubuhi. Muuguzi aliendelea kumfunga mguu. Vidole viwili havikuokoka, alikatwa, lakini mvua zilipoanza kupungua kidonda kilikuwa kimefunga, na ngozi mpya juu yake ilikuwa nyororo, ya pinki, kama ya mtoto. Pembe za mdomo za mdogo wangu zilikuwa zimepona zamani kabla ya hapo. Majipu yangu yalichelewa, na nina makovu yake mpaka sasa.

Mama alirudi polepole. Kwanza alishusha sufuria ya bukari kutoka kabatini akaisugua kwa mchanga. Siku nyingine nilimkuta ameketi karibu na nkambo, wakichambua matembele. Nkambo alikuwa anamwonyesha namna ya kuvuta uzi kwenye shina ili jani lisikwaruze kooni. Mama hakumwomba msamaha, na nkambo alikufa miaka sita baadaye, ya uzee, bila kuombwa. Hilo nalishikilia dhidi ya mama, naye anajua.

Baba naye ameshaondoka. Mama yupo, tunakaa pamoja, na mzozo wetu haujaisha. Yeye anasema baba aliponywa na mfungo wake. Mimi nasema aliponywa na vidonge, na maharagwe, na mwanamke mwenye miwani ya uzi. Juzi tena tulianza, mbele ya wajukuu, sahani ikiwa katikati. Aliniambia nimekuwa mbishi tangu utotoni. Nikamwambia nilijifunza ubishi sebuleni kwake, Jumapili moja, na kwamba sirudishi hata neno moja. Akanisogezea lengalenga, akasema nile kabla haijapoa.